Watoto Wanaomalizia Maneno

Jumatatu, 4 Machi

Leo wamefika wote sitini na wawili. Nimewahesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Mvua imeanza tangu Ijumaa na njia za huku juu zimekuwa utelezi mtupu, lakini wamefika, wengine viatu mkononi. Nimeona hilo niliandike. Daftari hili nililinunua Januari kwa ajili ya mambo ya kazi, na mpaka leo lilikuwa na jina langu tu: Mutoni Zubeda, mwalimu wa darasa la pili.

Somo la kusoma Kinyarwanda limekwenda kama ngoma. Mimi naanza neno, wao wanalimalizia. Nikisema "isu", sauti sitini zinanirudishia "ka!" na jembe limeshasomwa. "Imvu?" "Ra!" Mvua nayo imesomwa. "Mmeelewa?" "Ndiyo, Mwalimu!" Larissa, wa benchi la mbele, ndiye anayetangulia. Yeye akifungua kinywa wengine wanamfuata.

Mkuu wa shule, Bwana Nshimiyimana, amenisimamisha uani. "Mutoni, darasa lako linasikika mpaka ofisini. Ile ndiyo orkestra. Ukienda hivi, wenzako nitawatuma waje kujifunza kwako." Nimejibu asante kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao.

Mchana chumba kinakuwa cha darasa la kwanza, kwa kuwa vyumba ni vichache: sisi asubuhi, wao baada ya chakula. Nilibaki barazani nikisahihisha. Ndani, Madame Mukengere, aliyepewa darasa la kwanza mwaka huu tu, na watoto wake walikuwa kimya kama watu wa matanga. Mara moja moja unasikia sauti ya mtoto mmoja, halafu kimya tena kirefu. Ana miaka thelathini kazini na sweta ambalo anafuma humo humo darasani. Mungu aniepushe nisije kuzeeka vile.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sauti imenikauka kwa kuongoza. Tangawizi.

Alhamisi, 7 Machi

Mama yake Larissa amekuja kabla ya kengele. Jina lake ni Bernadette Muhigirwa, ila kila mtu humwita Maman Larissa. Alikuwa na beseni la nyanya kichwani na mtoto mchanga mgongoni, njiani kuelekea darajani, Rusizi ya Pili, avuke mpaka kwenda kuuza Bukavu, upande wa Kongo, kama kila siku.

"Mwalimu, nambia kweli. Larissa anasoma, ao anacheza tu?"

"Anasoma, Maman. Sana."

"Juu mimi niko na shida na uyu." Akapapasa mgongo. "Kwa daraja, na beseni na mutoto, batu bananisukuma, siku ingine tutaanguka bote. Nilitaka Larissa abakie nyumbani amushike. Lakini kama anasoma, siwezi kumutoa kwa masomo. Mimi sikusoma. Siwezi kujua. Njo maana nauliza weye."

"Larissa ni nyota wa darasa langu," nikamwambia. "Yeye ndiye anayewaongoza wengine."

Alinitazama muda kidogo chini ya beseni, bila kutikisa shingo. "Akuna muntu aliniambia vile siku moja. Bon. Basi mutoto nitamupeleka ku kisiwa cha Nkombo kwa bibi yake. Larissa abakie na weye."

Siku nzima nimekuwa mwepesi. Nimefikiri: hii ndiyo kazi, kumweka mtoto mmoja shuleni kwa neno moja.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani siku ya pili. Kuongoza darasa na koo kavu si mchezo. Watoto wameimba, mimi nimeashiria kwa fimbo.

Ijumaa, 15 Machi

Larissa ameniambia wakati wa mapumziko, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za redio: "Mwalimu, kadogo kameenda Nkombo. Maman alilia ku pirogi ya kuvuka ziwa. Sasa maziwa inamuuma, anajifunga kitambaa." Kisha akakimbia kuruka kamba.

 Aliporudi darasani nilimpa chaki ya rangi ya bluu, kama vile chaki ni malipo ya kitu.

Jumanne, 19 Machi

Lazima niandike hili lote, na polepole.

Mvua ilianza saa tatu kasoro, katikati ya somo. Mvua ya kwetu haishuki, inamwagwa. Bati halina dari, na mlio ukizidi hata kelele za watoto sitini huzisikii. Desturi ya shule ni moja: mvua ikiwa hivyo, watoto wanalaza vichwa kwenye mabenchi na mwalimu anasimama mlangoni akingoja. Nami nimefanya hivyo mwaka mzima. Leo sikutaka. Tulikuwa nyuma katika mpango na mimi ni mtu asiyevumilia kuwa nyuma.

Nilikuwa na vipande vya katoni ambavyo Papa, baba yangu, alinikatia kwa makasi yake ya ushonaji, kila kimoja na neno. Niliwagawia watoto, vinne vinne kwa kila watoto wawili. Nikaandika ubaoni "isuka", nikainua mkono kuonyesha: tafuta, nyanyua. Bila sauti. Sauti isingefika popote.

Na hapo nikaona.

Vichwa viligeuka. Kila mtoto alimtazama jirani, jirani akamtazama aliye mbele, na aliye mbele akanitazama mdomo wangu. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Wakangoja. Nilisimama na mkono juu, nao wakaningoja niseme mwanzo, wamalizie. Mmoja akanyanyua kipande chochote, na ghafla ishirini wakanyanyua kama chake. Nikafuta, nikaandika "imvura". Yaleyale. Nikaandika "inka", ng'ombe, neno la wiki ya kwanza kabisa. Nilipita kati ya mabenchi nikihesabu kwa vidole. Waliokuwa sawa ni kumi na wanne. Kumi na wanne katika sitini na wawili, na baadhi ya hao kumi na wanne walikuwa wamebahatisha.

Larissa alikuwa amenyanyua chake juu kuliko wote, mkono umenyooka, anatabasamu na pengo lake. Kipande kilikuwa kichwa chini miguu juu.

Sikumsahihisha. Nilimtabasamia. Mvua ilipopungua nikasema "In?" nao wakaitika "ka!" kwa nguvu zao zote, na nikasikia Mkuu akicheka kwa furaha kule ofisini.

Jumatano, 20 Machi

Wakati wa futari nimemweleza Papa. Alitafuna tende yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Zubeda, muteja akileta nguo kwangu mimi siangalie juu. Naipindua. Batu ba kazi mbaya banapendeza juu tu."

"Papa, mimi si mtu wa kazi mbaya."

"Sikusema weye. Nimesema nguo."

Nimekasirika nikashindwa kula wali.

Alhamisi, 28 Machi

Muhula wa pili umefungwa. Kabla ya kuandika ripoti nilimjaribu Larissa peke yake, barazani, kwa vipande vile vile. Hajui. Hajui hata kidogo. Anaimba kurasa nzima za kitabu kwa moyo, anafungua ukurasa unaofaa kwa kutazama picha, lakini ukimfunika picha anakutazama kama mtu aliyezimiwa taa. Kisha anacheka, anasema, "Mwalimu, anza weye."

Na kwenye ripoti yake nimeandika: "Anajitahidi."

Ni neno la walimu waoga. Nililijua nilipokuwa naliandika. Maman Larissa aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja akaitia ndani ya kitambaa chake kifuani, akaniuliza kama ni vizuri. Nikasema ni vizuri. Kulikuwa na wazazi wengine nyuma yake kwenye foleni. Hicho ndicho kisingizio changu, na ninapokiandika naona jinsi kilivyo chembamba.

Jumapili, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Siandiki.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Papa amenishonea gauni. Nilipokuwa peke yangu nimelipindua kuangalia mishono. Safi ndani kama nje. Nimekaa nalo mapajani muda mrefu.

Jumatatu, 15 Aprili

Muhula wa tatu. Nimewaambia: kuanzia leo hakuna kumalizia neno. Nitamuuliza mmoja, wengine watanyamaza.

Wamenyamaza kweli. Kwanza walinyamaza kwa mshangao, halafu kwa kuchoka. Kufikia saa nne, Ghislain alikuwa ameteleza chini ya benchi anawafunga wenzake kamba za viatu. Wawili walilala. Uwera, niliyemsimamisha asome, alilia, na sikumgusa hata kidogo. Tangu nianze kazi sijawahi kuona macho mengi hivyo yakitazama dirishani.

Jumatano, 17 Aprili

Mkuu: "Mutoni, kuna nini? Darasa limekufa?"

"Ninawafundisha kusoma, Bwana Mkuu."

"Mwanzo ulikuwa unawafundisha nini?"

Aliuliza bila ubaya. Nikasema kengele imelia, nikaondoka.

Ghislain leo amemfunga kamba mwalimu mwenyewe. Nilianguka mbele ya watu sitini na wawili. Walicheka wote, na nitasema kweli: nilifurahi kusikia sauti zao.

Ijumaa, 19 Aprili

Mchana nimebisha mlango wa Madame Mukengere, nikaomba kukaa nyuma.

"Unakuja kunikaguwa?" akauliza, sindano za kufuma kwapani.

"Nakuja kuomba."

"Ah. Basi ikala. Lakini usisaidie muntu."

Aliandika herufi mbili tu ubaoni. Watoto wake, wadogo mno, kila mmoja alikuwa na rundo dogo la majivu mbele yake juu ya benchi, na kidole ndani ya majivu. Akauliza mmoja tu. Mtoto yule akakaa kimya. Na Madame akafuma. Alifuma mstari mzima! Mimi moyo ulikuwa unanipasuka, nikitaka kumpa yule mtoto herufi ya kwanza. Lakini wenzake hawakuwa wamelala. Kila mmoja aliandika lile jibu kwenye majivu yake, na anayejua aliweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe na kufunga mdomo. Ilikuwa siri. Walikuwa wakivimba kwa kuishika siri ile, mashavu yamejaa, miguu inacheza chini ya benchi. Nilikosea nilipoita kile kimya cha matanga.

Mtoto akasema herufi. Madame akageuza sindano, akaenda kwa mwingine.

Baadaye nilimuuliza anawezaje kungoja hivyo, mtoto asione aibu.

"Aibu inamushika muntu mwenye kupigiwa makelele," akasema. "Mimi simupigie. Napiga sweta. Akiona sikimbie, naye hakimbie." Akanitazama juu ya miwani. "Batoto bako banaimba vizuri sana, Mutoni. Kila mchana badogo zao bananiimbia huku nyimbo zako bila kujua herufi, nasema, siku moja uyu mwalimu atasikia. Umekawia, lakini umesikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia? Na ile kichwa uliingia nayo mwezi wa tisa?"

Nimecheka. Ningefanya nini kingine.

Jumanne, 23 Aprili

Majivu nimeyaomba kwa mama wa muhogo wa kukaanga. Mikono juu ya vichwa imewapendeza mno. Ghislain anajua kusoma! Hakuna aliyekuwa anajua, hata yeye labda. Alikuwa anachoshwa na nyimbo zangu. Leo alishika siri mpaka machozi yakamtoka.

Larissa kila nikimkaribia anaomba kwenda chooni. Mara nne leo. Nyota wa darasa hana tena wimbo wa kuongoza, na ni mimi niliyempa wimbo na ni mimi niliyemnyang'anya.

Kesho nitaongea na mama yake.

Jumatano, 24 Aprili

Sikuongea naye. Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Benchi la mbele lina nafasi: Larissa hayupo. Uwera ndiye aliyenieleza, maana mama zao wanavuka pamoja.

Jana mchana, kwa kucheleweshwa na mvua, wanawake walikuwa wamekaa upande wetu wa daraja wakingoja foleni. Maman Larissa alikuwa na karatasi ya kituo cha afya, bibi ameituma kutoka Nkombo, kuhusu chanjo ya mtoto. Larissa alikuwa amempelekea chakula. Mama akasema mbele ya wenzake wote: "Leta, binti yangu atasoma. Mwalimu wake anasema ni nyota." Larissa akaishika karatasi kwa mikono miwili, akasimama wima kama ninavyowafundisha kusimama, akaanza. Alisoma kwa sauti nzuri, bila kusita, kuhusu mvua na mkulima na jembe lake. Shairi letu la kitabu. Lote, mpaka mwisho, mpaka jina la kijiji cha mkulima.

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Uwera anasema Maman Larissa naye alicheka kwanza. Halafu mmoja aliyesoma akaichukua karatasi akamwambia tarehe, na siku ya chanjo ilikuwa imeshapita.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimeshuka mpaka darajani kwa miguu. Foleni ilikuwa ndefu, mizigo ya vitunguu, mayai, kuku wamefungwa miguu. Larissa nilimwona kabla ya mama yake. Amekaa juu ya jiwe, mtoto mgongoni amefungwa kwa kitenge kinachomzidi. Amerudishwa kutoka Nkombo. Aliponiona alisimama akataka kuniamkia kwa wimbo wa darasa, "Mwalimu, ka..." kisha akanyamaza mwenyewe.

"Ikala," mama yake akamwambia.  Alikuwa anapanga nyanya, zilizobonyea chini, nzuri juu.

"Maman, nimekuja kuomba msamaha."

"Ya nini? Si ulisema anasoma?"

"Nilikosea. Mwanzo nilikosea kweli, nilidhani anajua. Lakini tangu mwezi wa tatu nilijua hajui. Nikaandika ripoti ile hata hivyo."

Mkono wake ukabaki juu ya nyanya moja.

"Tangu mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Nilikutolea mutoto wa kunyonya, wa ku ziwa langu," akasema, si kwa sauti kubwa. Mwanamke wa pembeni aliacha kuongea. "Nilikaa wiki mbili na kitambaa hapa. Usiku naamka nasikia analia, na iko ng'ambo ya maji. Nilisema, acha, juu ya Larissa asome. Unajua nini? Ungeniambia, 'Maman, hajui, lakini nitamufundisha', ningemuacha Larissa tu. Ningemuacha! Mimi pia nilianza biashara bila kujua. Muntu asiyejua anafundishwa. Lakini weye ulinambia anajua. Sasa siku utaniambia kweli nitaijua kwa kitu gani?"

Nilimtazama Larissa pale juu ya jiwe.

"Njo vile," akasema. Akainua beseni. Nilinyoosha mikono kumsaidia kulipandisha kichwani, akageuka akamwita mwenzake amsaidie. "Mwalimu, nenda. Batu banaangalia, batasema niko na deni yako."

Nimerudi kwa miguu. Mvua ilinikuta kwenye mteremko wa kwanza na sikujikinga.

Jumatatu, 29 Aprili

Sitini na mmoja.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwambia Mkuu yote, pamoja na ripoti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema, "Nami nilikusifu." Nilidhani atanifukuza kwa maneno. Badala yake akaniuliza kama katika madarasa mengine mvua ikinyesha tungeona yaleyale. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, na hilo linamsumbua kuliko ripoti yangu.

Wakati darasa langu lilipokuwa na kelele nilimwona kama mtu anayependa kelele tu. Labda hakuna aliyewahi kumletea kitu kingine.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Uwera amesoma sentensi nzima. Nilifurahi nusu.

Jumanne, 7 Mei

Saa mbili na nusu mlango ulifunguliwa bila hodi. Maman Larissa, amelowa, mtoto mgongoni, Larissa mkononi. Hana beseni. Hiyo ndiyo niliyoiona kwanza: amekosa siku yake ya soko.

"Sikuje kwa juu ya weye," akasema. "Uyu analia kila siku kwa mlango. Nimesema nitakuja kuona na macho yangu. Endelea na kazi."

Akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, magoti juu kwa ufupi wa benchi. Watoto waligeuka wote. Ghislain akamsogezea rundo lake la majivu, "Maman, shika, na weye utaandika," na wengine wakacheka, hata yeye nusura acheke.

Ningeweza kumsimamisha Ghislain, au Uwera. Nilikuwa na watoto ishirini na tano wanaosoma sasa, wa kumpendezesha mgeni yeyote. Niliwatazama na nikajua kwamba nikifanya hivyo nimerudia ripoti ile, safari hii kwa vinywa vya watoto wa wenzake. Nikamwita Larissa.

Alipofika ubaoni, mvua ikashuka. Bati likaanza kunguruma. Nikaandika "inka". Nikampa chaki, nikamwonyesha kwa kidole: onyesha unachokijua. Kisha nikarudi nyuma nikafunga mdomo wangu kwa mkono, maana siuamini.

Aligeuka kuwatazama wenzake. Mikono yote ilikuwa juu ya vichwa, midomo imefungwa, mashavu yamejaa. Alinitazama mimi. Alimtazama mama yake.  Madame Mukengere angemaliza mistari mitatu ya sweta. Mtoto mgongoni kwa mama yake aliamka akaanza kulia, tukaona kinywa chake kinafunguka bila sauti.

Ndipo Larissa akainua chaki na kupiga mstari chini ya herufi mbili, za mwisho. Ka. Akaurudia ule mstari mara ya pili, kwa nguvu. Nikafuta, nikaandika "isuka". Akapiga mstari chini ya "ka" tena. Nikaandika "imvura". Akaenda moja kwa moja kwenye "ra". Mwanzo wa kila neno aliupita kama mtu anayeruka dimbwi. Kisha akaweka chaki chini na kutikisa kichwa mbele ya darasa zima: hapana. Haya mengine hapana.

Nilielewa kabla mvua haijapungua. Tangu Septemba mpaka Machi nilikuwa nikisema mwanzo, wao mwisho. Larissa amejifunza kila kitu nilichomfundisha. Hakukosa hata kimoja.

Mvua ilipotulia nilimweleza mama yake hivyo hivyo, mbele ya watoto. Alikuwa amesimama, anambembeleza mtoto.

"Donc, kumbe anajua mwisho."

"Ndiyo, Maman. Mwisho tu. Kosa ni langu."

"Basi bamurudishe ku mwanzo. Darasa la kwanza. Kwa ule mzee mwenye sweta."

Moyo wangu ulikataa. Nilikwisha kupanga kila kitu, saa ya ziada kila siku, vipande vipya, mimi na yeye tu. "Maman, niachie mimi. Nitamfundisha mwenyewe, nakuahidi."

"Hapana, Mwalimu." Alisema kwa upole, na upole ulikuwa mgumu zaidi kuliko darajani. "Leo umenionyesha, nimeona. Nakushukuru. Lakini kwako hapana. Na darasa la kwanza banaingia mchana, siyo? Asubuhi atanishikia kadogo, mchana mimi nimerudi, atasoma. Iko sawa. Nambia tu kitu kimoja. Kule, atajua?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Sijui, Maman. Nadhani. Lakini sijui."

Alitikisa kichwa taratibu, akakaza kitenge. "Njo ile."

Jumatano, 8 Mei

Mkuu amekubali, ingawa si kawaida kumshusha mtoto mwezi wa tano. Madame Mukengere amesema tu, "Ana urefu gani? Nitafute benchi ya miguu yake."

Ijumaa, 10 Mei

Jua siku nzima. Ziwa linaonekana mpaka ng'ambo. Watoto sitini na mmoja wakiwa na jua ni sawa na mia.

Alhamisi, 16 Mei

Siku hizi nikimaliza asubuhi sirudi nyumbani moja kwa moja. Nakaa darasa la kwanza, nyuma, najifunza kungoja. Ni somo gumu kuliko yote niliyopewa chuoni. Leo nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa pembeni ya Larissa, naye akasogea bila kusema, akanigawia majivu yake. Magoti yake yanazidi ya wenzake wote, na hajali.

Madame aliandika neno ubaoni, akamwita yeye. Hakumsimamisha. "Tafuta hapo hapo," akasema, na sindano zikaanza kwenda.

Larissa aliinama mbele, kidole hewani, akilifuata lile neno kutoka kushoto. Alisimama kwenye herufi ya kwanza. Mvua ndogo ilikuwa inagonga bati, watoto wenye siri wamejishika vichwa, na mimi, mtu mzima mwenye diploma, nikaona midomo yangu imefunguka yenyewe kumpa mwanzo.

Aliiona kwa pembe ya jicho. Akanifunika mdomo kwa kiganja chake, chenye majivu.

"Mwalimu, usiseme," akanong'ona bila kutoa macho ubaoni. "Ninaitafuta mimi."